Chapa ya Mnyama, Chapa ya Nyama

Nyinyi vijana mnaoshika kipaza sauti siku hizi mmeniomba niwaandikie namna ya kuwa mkalimani wa mahubiri. Mmeomba kwa heshima, "Mama Nafula, tupe siri za kazi." Siri sina. Nina kosa moja. Nilimeza herufi moja mbele ya watu, na watu wakala mzoga. Kama bado mnataka kusoma, someni. Kama mlitaka mbinu za kupigiwa makofi, tafuteni mwingine, wapo wengi, tena wamevaa suti.

Mimi ni Msamia wa Lumino, nimeolewa Tororo kwa Wajapadhola, na nyumba yetu inatazamana na ule mwamba mkubwa wa mji. Lusamia nilinyonya. Kidhopadhola nilipewa na mama mkwe pamoja na jembe. Kiingereza nilipigiwa fimbo shuleni. Kiswahili nilikipata Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, nikiwauzia chai na mandazi madereva wa malori waliokaa foleni siku tatu wakisubiri makaratasi. Kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha mandazi: "Wewe nataka ngapi? Mimi nakwenda kuleta moto." Ngeli hatukuzijua, na hakuna dereva aliyekosa kushiba kwa sababu ya ngeli. Hiki mnachokisoma sasa nilijifunza baadaye, kwa aibu.

Kazi ya kutafsiri mahubiri niliingia bila kuitafuta. Mkalimani wa kanisa letu aliumwa na jino siku ya mkutano, mchungaji akauliza nani anajua Kiingereza, shoga yangu akanisukuma mbele. Nilidhani ningetafsiri siku moja. Nimetafsiri zaidi ya miaka thelathini, pande zote mbili za mpaka, na wahubiri niliosimama nao wengi walikuwa wa nyakati za mwisho. Huku kwetu watu wanaupenda unabii. Mhubiri akitangaza somo la ndoa, viti vinabaki vitupu. Akitangaza Ufunuo, watu wanapanda juu ya miti.

Yapo machache ya kufaa, nitayasema upesi. Usinywe soda kabla ya kupanda jukwaani, gesi itakuaibisha. Simama nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande ambao hashiki kitambaa, la sivyo atakupiga nacho. Mhubiri akianza hesabu za Danieli, majuma sabini, siku elfu moja na kitu, andika kwa kalamu kwenye kiganja, maana hesabu zinaruka kama panzi. Na saa, jamani, saa. Mgeni mmoja kutoka mbali alisema tukutane kesho saa tisa, kwa hesabu ya Kizungu. Nikatangaza saa tisa. Kesho yake yeye alifika asubuhi, saa tatu yetu, akakaa peke yake kwenye uwanja mtupu. Alikuwa ametufundisha juu ya unyakuo siku nzima iliyotangulia. Sisi tulipofika saa tisa alasiri, tulimkuta amepiga magoti analia, anauliza kwa nini Bwana ametuchukua sisi wote akamwacha yeye. Mchungaji wetu alilazimika kutoka nje kwenda kucheka nyuma ya choo.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Owor, katekista mzee wa Tororo aliyekuwa amefanya kazi ya reli kabla ya kushika Biblia. Alikuwa mkali. Nikitafsiri vibaya, alikuwa hanisubiri nimalize, anakohoa kutoka benchi la mbele. Siku moja alinikalisha chini, akaniambia, "Nafula, kitabu cha Ufunuo kina wafafanuzi wa namna tatu. Wa kwanza anasema mambo haya yalikuwa ya Rumi, yule mnyama ni mfalme aliyewatesa Wakristo wa wakati ule, walioandikiwa walimjua. Wa pili anasema bado, yote yanakuja, kaa macho. Wa tatu anasema ni picha, kila kizazi kina mnyama wake. Kazi yako si kuchagua. Kazi yako ni kujua leo umesimama na yupi, usimwongezee, usimpunguzie."

Halafu akanipa kanuni moja ambayo sijaiona kwa mkalimani mwingine yeyote. Mhubiri akisoma Maandiko, mimi niinue mkono wa kushoto. Akimaliza kusoma akaanza kufafanua, niushushe. "Watu wajue," alisema, "lini Mungu anasema na lini mtu anadhani." Watu wetu waliizoea. Hata vikongwe walikuwa wanatazama mkono wangu kuliko uso wa mhubiri. Wahubiri wengine hawakuipenda kabisa. Mmoja aliniuliza, "Kwa nini mkono wako uko chini muda mrefu hivyo?" Nikamwambia, "Bwana, nakufuata wewe tu."

Mwalimu Owor alipofariki, niliendelea na kanuni yake. Niliendelea mpaka alipokuja Mwinjilisti Kefa.

Huyu Kefa alitoka upande wa Kenya. Kijana mtanashati, sauti nzuri, spika zake zilikuja kwenye lori zima. Kiswahili alikijua vizuri kuliko mimi mara kumi, lakini alisema unabii unashika zaidi ukihubiriwa kwa Kiingereza. Basi akawa akihubiri kwa Kiingereza, mimi nikitafsiri kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Mkutano ulikuwa wa siku saba, Busia upande wa Uganda, kwenye uwanja ulio kando ya barabara ya kwenda Lumino. Watu walijaa. Na nawaambia ukweli, nilifurahi. Kefa alikuwa na kasi, na mimi nilikuwa na kasi. Tulikuwa tunapokezana maneno mpaka watu hawajui nani ameanza na nani amemaliza. Kila siku watu walikuja kunishika mkono, "Mama, leo umetafsiri." Kichwa kilivimba.

Siku ya tatu alifika kwenye chapa. Mnaijua sehemu ile: mnyama anatoka, anawatia watu chapa kwenye mkono wa kulia au kwenye paji la uso, na asiye nayo hawezi kununua wala kuuza. Kefa alikuwa mfafanuzi wa namna ya pili, wa yote yanakuja, tena kwake yalikuwa yanakuja wiki ijayo. Alisoma, nikainua mkono. Akaanza kufafanua, vitambulisho, alama za vidole pale mpakani, pesa za kwenye simu, na mimi mkono nikausahau juu. Nilikuwa kwenye kasi. Akapaza sauti kwa Kiingereza, akasema ikataeni chapa ya mnyama. Na mimi nikapaza sauti, "Kataa chapa ya nyama."

Sikusikia kosa. Kwetu mpakani nyama ni nyama. Anayetembea ni nyama, aliye sufuriani ni nyama, hiyo "m" ya mbele ni ya watu wa redio. Nilirudia mara nne, mara tano, "Usinunue chapa ya nyama, usiuze chapa ya nyama, nakwenda motoni wewe mwenye chapa ya nyama." Uwanja ulilipuka. Watu walipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, wengine walianguka chini. Nikadhani ni Roho. Nikazidisha sauti.

Siku mbili baadaye, Ijumaa asubuhi, nilimwona Swaibu amesimama mlangoni kwa dada yangu Taaka. Kipindi cha mikutano ya Busia nilikuwa nalala kwake Lumino. Swaibu ni mchinjaji, ana bucha mjini Busia, na babake alikuwa na bucha hiyo hiyo kabla yake. Nimemjua tangu tukiwa watoto, ni Mwislamu mpole, hapandishi sauti hata akipunjwa. Siku hiyo hakukaa. Alikataa hata maji.

"Mama Nafula," alisema, "watu nakataa nyama yangu."

"Kwa nini?"

"Inayo chapa."

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Mnajua kwamba ng'ombe akichinjwa machinjioni, daktari wa mifugo anaikagua nyama, ikiwa nzuri anaigonga muhuri wa wino wa zambarau, na bila muhuri huo mwenye bucha haruhusiwi kuuza. Huku kwetu muhuri ule tunauita chapa. Chapa ya nyama. Na daktari wetu alikuwa na mazoea ya kuugonga kwanza kwenye mguu wa mbele, upande wa kulia. Mkono wa kulia wa ng'ombe. Watu walikuja buchani, wakaangalia, wakahesabu: ni chapa, iko kwenye mkono wa kulia, na asiye nayo hawezi kuuza. Kila kitu kimetimia. Mwanamke mmoja alikuwa amekimbia.

Vijana, nimewahi kuona lori likipinduka Malaba mbele ya meza yangu ya mandazi, sikushtuka kama nilivyoshtuka asubuhi ile. Nilijisikia nikisema yale maneno upya, moja moja, na safari hii niliisikia ile "m" haipo.

"Mimi hasara ya bucha si kitu, Mungu atatoa," Swaibu alisema. "Lakini watu bado wanakula nyama, Mama. Sasa wanauziwa njiani, kwenye magunia. Wenye kuuza wanapita wakiita, isiyo na chapa, isiyo na chapa. Hiyo nyama nani ameikagua? Ng'ombe wanakufa huko vijijini na damu inatoka puani." Akageuka kuondoka. "Heri kujikwaa kidole, Mama, kuliko kujikwaa ulimi. Rudi ukaseme."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwinjilisti Kefa kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Alikuwa anakunywa chai na mayai. Nikamweleza yote, nikamwomba jioni hiyo anipe dakika mbili nisahihishe. Nilitegemea ashtuke kama mimi. Akajipangusa mdomo.

"Dada, nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia ulipokosea. Tangu mara ya kwanza. Mimi Kiswahili ni lugha yangu."

"Na ulinyamaza?"

"Uliona vile watu waliitikia? Miaka nahubiri sehemu hiyo, sijaona hivyo. Bwana anaweza kutumia hata ulimi wa punda. Ukisahihisha leo, utawavunja imani. Jumapili, siku ya kufunga mkutano, nitalirekebisha mwenyewe, polepole."

Sikuamini masikio yangu. Nilikaa pale, namtazama anamenya yai. Mtu anayejua neno sahihi, amesimama nusu hatua mbele yangu, anasikia uongo unatoka kwenye spika zake, na anahesabu waliopiga kelele. Lakini sasa nisikilizeni mimi, msimtukane Kefa peke yake. Ningeweza kutoka pale nikaenda sokoni nikasema. Ningeweza kusimama jioni ile ile na kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi. Sikusema. Niliogopa watu wale walionishika mkono. Nilijiambia, mhubiri amesema Jumapili, basi ni Jumapili. Nikatafsiri Ijumaa, nikatafsiri Jumamosi, nikatafsiri Jumapili mpaka sala ya mwisho, nikisubiri. Hakurekebisha chochote. Alipakia spika akavuka mpaka.

Zamani kosa la mkalimani lilikuwa linafia uwanjani. Jua likizama watu wanasahau. Nyinyi mmezaliwa kwenye simu, mnajua kilichofuata. Mtu alikuwa amerekodi sauti yangu, ile ile ya "kataa chapa ya nyama", ikaingia WhatsApp, ikapanda mpaka Tororo, ikashuka Malaba. Niliambiwa madereva kwenye foleni walikuwa wanawaambia wenye hoteli watoe nyama, walete maharage. Mimi mwenyewe nilitumiwa sauti yangu na watu watatu tofauti, kila mmoja akiniambia nisikilize, ni ujumbe mzito.

Nikaanza kusema sasa, mmoja mmoja, mlangoni, kisimani. Hapo nikashtuka tena. Nilipokosea kwa sauti kubwa, uwanja mzima uliniamini. Nilipojaribu kusema ukweli kwa sauti ya kawaida, jirani yangu aliniuliza kama wenye bucha wamenilipa.

Niliyemtafuta kwanza, kabla ya wote, alikuwa Taaka. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Hajui Kiswahili cha kutosha, Kiingereza hajui kabisa, anaongea Lusamia tu, lakini hajawahi kukosa mkutano niliotafsiri. Nilimkuta jikoni anakata nyama iliyotoka kwenye gunia. Walikuwa wamenunua mguu mzima wakagawana na jirani yake, mzee Wandera. Nyama ilikuwa nyeusi, haikuwa na rangi ya nyama.

"Taaka, tupa hiyo. Nilikosea neno. Kitabu kinasema mnyama, yule mnyama mkali wa kwenye maono. Hakisemi nyama ya kula."

"Mkono wako ulikuwa juu," alisema, hakuacha kukata. "Niliuona. Ukiwa juu ni Mungu anasema, wewe ndiye ulituzoesha."

"Nilisahau kuushusha."

"Basi sasa uko chini," akasema dada yangu, "na ninakusikiliza kama mtu anayedhani."

Nilimpigia kelele. Nilijaribu kunyakua sufuria, akanisukuma, sisi wanawake wazima wenye wajukuu, tunagombania sufuria. Mwisho nikatoka nikilia. Hiyo nayo najilaumu. Ningeimwaga.

Kilikuwa kimeta. Daktari wa mifugo alithibitisha baadaye, ugonjwa ule unaomwangusha ng'ombe ghafla, na mtu akigusa au kula nyama yake unampata naye. Taaka alianza na kipele kidoleni pale alipojikata kisu. Kikawa kidonda chenye kigaga cheusi katikati, cha ajabu hakimuumi, mkono ukavimba, homa ikapanda. Nilipopata habari nilikodi boda boda, tukambeba katikati yangu na dereva mpaka hospitali. Mzee Wandera yeye alikuwa amekula zaidi, na tumbo lilikuwa limemshika siku mbili watu wakimwombea nyumbani. Walimleta siku hiyo hiyo jioni.

Hospitali kila mgonjwa alifungwa ukanda mwembamba wenye jina na namba, kwenye kifundo cha mkono, ili dawa zisichanganywe. Muuguzi, binti mwema, alishika mkono wa kulia wa Taaka maana wa kushoto ndio uliovimba. Taaka aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Namba. Mkono wa kulia. Akasema afadhali afe.

Muuguzi akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?" Taaka akaniuliza kwa Lusamia, "Anasema nini?" Na mimi niko katikati, mahali nilipokaa maisha yangu yote. Ningemwambia dada yangu ukweli hapo, kwa mara nyingine, kwa nguvu. Lakini homa ilikuwa inampeleka, sindano inasubiri, na mimi ni mtu wa mpakani, tunajua kupitisha mzigo. Nikamwambia muuguzi amfunge mguuni. Nikamwambia Taaka, "Kitabu kimesema mkono wa kulia au paji la uso. Mguu hakikuutaja." Alifikiri kidogo, akanyoosha mguu. Muuguzi alicheka. Hata mimi nilijiona mjanja.

Wandera hakuwa na nguvu za kukataa chochote. Walimfunga mkono wa kulia. Alikuwa amechelewa mno, alikufa siku ya pili. Taaka alichomwa sindano siku nyingi, uvimbe ukashuka, akapona.

Sikuona kinachokuja. Naapa sikukiona. Jumapili ya tatu baada ya kutoka hospitali, Taaka aliomba kutoa ushuhuda kanisani kwao Lumino. Kanisa lile lina Wasamia, lina Waiteso, lina Wajapadhola, kwa hiyo ushuhuda unatolewa kwa lugha ya mtu na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Wakaniita mimi. Nani mwingine?

Alisimama amevaa gomesi yake ya kijani, mkono bado una kitambaa. Alianza vizuri, namshukuru Mungu, namshukuru mdogo wangu aliyenibeba. Nikatafsiri. Kisha akasema, "Walitaka kunitia namba kwenye mkono wa kulia. Jirani yangu Wandera alikubali. Mmemzika. Mimi nilikataa, na mnaniona."

Nikatafsiri. Mdomo ulishazoea, ulimaliza sentensi kabla akili haijafika. Halafu akili ikafika. Mjane wa Wandera alikuwa amekaa safu ya tatu. Aliinamisha kichwa. Watu wakasema amina, kanisa zima, amina. Ule mguu niliomfanya aunyooshe kwa ujanja wangu ulikuwa sasa umekuwa mahubiri, na mahubiri hayo yalikuwa yametoka kinywani mwangu mara mbili.

Na nyuma kabisa mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa mama wa Kiteso, simjui jina, ana mkono uliofungwa kipande cha kitenge. Akakifungua watu waone. Kidonda kilikuwa cheusi katikati, kimezungukwa na uvimbe. Nilikijua. Nilikuwa nimekiosha kidonda kama kile siku kumi.

"Mimi pia nilikula ile isiyo na chapa," alisema kwa Kiswahili chetu. "Watu naniambia nenda hospitali. Sasa sikwendi. Mimi naamini tu, kama huyu mama."

Taaka hakuelewa vizuri, akanigeukia nimtafsirie. Sikumtafsiria. Vijana, mkalimani haongezi neno lake, hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mbele ya watu niliivunja mara moja tu maisha yangu, siku hiyo. Nikasema kwa Kiswahili, na kila nilichosema nikakirudia kwa Lusamia na kwa Kidhopadhola ili asibaki mtu wa kusingizia lugha. Nilisema chapa ile ya kwenye Ufunuo si muhuri wa daktari wala si namba ya hospitali. Nilisema neno ni mnyama, mimi nilisema nyama, nilikosea, nikajua tangu Ijumaa ile, nikanyamaza. Nilisema Wandera hakufa kwa sababu ya mkono wa kulia, alikufa kwa sababu alichelewa, na alichelewa kwa sababu yangu. Nikamwambia yule mama wa Kiteso, "Kidonda hicho kina dawa, na dawa hiyo ndiyo iliyomponya dada yangu, alichomwa sindano nikiwa nimekaa naye. Nenda sasa hivi, usingoje sala ya mwisho." Mzee mmoja wa kanisa alimshika bega, wakatoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka nje. Alipona, niliuliza.

Taaka alikuwa bado ameshika kipaza sauti chake, nami changu. Hakulia. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipovunja chungu tukiwa watoto. Akaongea kwa Lusamia, kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kiliichukua.

Nusu ya watu hawakuelewa. Waiteso, Wajapadhola, wote waligeuza macho kwangu wakisubiri, kama walivyosubiri siku zote. Ningeweza kusema lolote. Ningesema, dada yangu anashukuru, na tuombe, na ibada ingeendelea.

Nikasema, "Dada yangu anauliza: Nafula, kwa hiyo mimi niliugua, na Wandera akafa, kwa ajili ya mdomo wako, na wewe ukaniacha nisimame hapa nimhukumu marehemu mbele ya mke wake?"

Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Kisha nikajibu kwa Lusamia, ndiyo. Nikajitafsiria mwenyewe kwa Kiswahili, ndiyo. Nikaweka kipaza sauti juu ya benchi, nikaenda kukaa safu ya tatu, kando ya mke wa Wandera, nikisubiri aniambie kama anataka niondoke.